Gari Lililomkonyeza Mama Mkwe

Naomba tuelewane mapema: mimi sijamkonyeza mama mkwe wangu. Gari ndilo lililomkonyeza. Tatizo ni kwamba ndani ya gari nilikuwemo mimi, kidole changu kilikuwa kwenye swichi, na kipara changu kilikuwa na alama mbili nyekundu za rangi ya midomo. Ongeza na kujikuna. Hata hakimu mwenye huruma angeomba maji ya kunywa kwanza.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyooneshwa Chicago mwaka 1989. Viti viwili, injini ya lita 1.6, paa la turubai, na taa za mbele zinazolala zimefunikwa mpaka uziamshe. Taa hizo ndizo zilizoniloga. Unabonyeza swichi, zinanyanyuka kama macho ya chura anayechungulia dimbwini. Kizazi cha pili hakikuja nazo, na sisi wenye cha kwanza tunajiona wateule.

Sasa mwenye gari la namna hii huwa na ugonjwa mmoja, nao ni uzito. Gari zima linazunguka kwenye tani moja tu, lakini bado usiku unagutuka ukiwaza kipi kingine kinaweza kutolewa. Nilishatoa tairi la akiba. Nilishatoa zulia la buti. Kitambi sikukigusa, kwa kuwa hakikuja na gari.

Ndipo nikaiona boneti ya kaboni. Nyuzi nyeusi zimesukwa kama mkeka, juu yake vanishi inayong'aa hadi unaona meno yako. Nikamweleza mke wangu kwamba ni suala la kitaalamu: ukipunguza uzito wa mbele, gari linakata kona kwa wepesi. Akaniuliza kama inapendeza. Nikamwambia hilo sijaliangalia. Wakati huo picha yake ilikuwa kwenye uso wa simu yangu, mahali palipokuwa na picha ya harusi.

Wiki hiyohiyo mwanangu wa miaka sita alichukua sumaku ya friji akajaribu kuibandika kwenye boneti ya zamani. Ikateleza, ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka. "Baba, imekataa." Nikamwambia sumaku imezeeka, akatafute nyingine.

Boneti niliyoagiza ilipofika nilimwita shemeji, mdogo wake mke wangu, kwa sababu boneti haifungwi na mtu mmoja. Tulipoigeuza tukakuta upande wa chini ni mweupe. Faibaglasi. Boneti nyingi za bei ya watu kama mimi ndivyo zilivyo: kaboni ni tabaka moja la juu, la kuonekana, chini yake ni faibaglasi na gundi ya kutosha. Ni kanzu ya hariri yenye bitana ya gunia. Nikajifariji kwamba hakuna anayechungulia chini ya boneti ya mwenzake.

Kuitoa ya zamani hakukuwa kazi. Tulichora alama kuzunguka bawaba ili tujue zilipokaa, tukabandika utepe wa karatasi kwenye kona za madigadi zisikwaruzwe, tukafungua bolti, huyu kushoto, huyu kulia. Shemeji aliponyanyua upande wake akasita. "Shemeji, mbona nyepesi hivi?"

"Ni kwa sababu tupo wawili," nikamjibu, na nikaamini.

Kuifunga mpya ndiko kulikotutoa jasho. Boneti ya kiwandani hugongwa kwenye kalibu la chuma, zote mapacha. Hii yetu ilitandazwa kwa mikono ya mtu, na mtu huyo siku hiyo alikuwa na safari. Kushoto upenyo usingepitisha karatasi, kulia ungepitisha kidole. Ukilegeza bawaba unaisogeza mbele na nyuma. Ukilegeza loki unaipeleka pembeni. Ile mipira ya kwenye kona ukiizungusha unaipandisha au kuishusha. Nadharia nzuri. Kwa vitendo ni shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu nje. Tulivuta shuka hilo saa tatu nzima, shemeji akiwa amepiga magoti na kufumba jicho moja kama fundi anayetazama ukuta, akisema "bado kidogo" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa.

Hatimaye tukagundua kwamba kingo za matundu ya taa ndizo zilizozidi. Nikachukua msasa. Maelekezo yanasema usugue kwa maji ili vumbi lisiruke, uvae barakoa, glavu na mikono mirefu. Nilianza hivyo. Nusu saa baadaye nilikuwa kifua wazi, maji yameisha, glavu ziko juu ya kichungi cha hewa. Vumbi la nyuzi hizi halitoki kama vumbi la mbao. Ni vijisindano visivyoonekana, vinaingia kwenye ngozi na kupanga chumba. Nilianza kujikuna shingo, nikahamia mbavu, kisha nikafika sehemu ambazo mtu mzima hazikuni mbele ya shemeji yake.

Upande wa kulia niliusugua ukaniridhisha. Upande wa kushoto niliutazama, nikaona kama panatosha. Hiyo "kama" ndiyo iliyonifikisha pabaya. Taa zilikuwa zimelala, zikaonekana zimelala vizuri, na hakuna kati yetu aliyesema hebu tuziamshe.

Zilibaki pini. Boneti nyepesi ikiingiwa na upepo kwenye mwendo inaweza kuchomoka kwenye loki, ikapinduka na kukufunika kioo cha mbele, kwa hiyo mtu mwangalifu huongeza pini mbili, vijiti vinavyosimama chini yake na kuchomoza kwenye matundu ya boneti, ili kuibana chini. Ujanja wa kujua pa kutoboa ni huu: unapaka ncha ya pini kitu chenye rangi, unaishusha boneti polepole, ncha inaacha alama kwa chini, na hapo ndipo unapotoboa. Shemeji akasema tupake grisi. Grisi nyeusi, upande wa chini mweupe, alama ingeonekana hata na kipofu. Lakini mimi, fundi mkuu, nikasema grisi itachafua. Nikaingia chumbani nikachukua rangi ya midomo ya mke wangu.

Alama zilitoka safi mno, busu mbili zilizopimwa kwa rula. Sasa, fimbo ya kuegemeza boneti kwenye gari hili ina tundu lake kwenye boneti ya kiwandani. Ya kwetu haikuwa na tundu. Shemeji ndiye aliyekuwa fimbo. Na simu ya fimbo ikaita.

"Ni mama," akasema. "Yuko stendi tangu saa ngapi sijui. Anasema ulimwahidi utampokea."

Akaiachia boneti ili ajibu simu vizuri. Nikaidaka kwa kichwa. Nikabaki nimejitwisha utosini, mikono yote miwili ikifungua pini haraka ili iweze kufungika. Ilipofunga niliitikisa, loki ikashika. Nikavaa shati, nikaondoka. Kwenda peke yangu ilikuwa lazima, kwa kuwa gari lina viti viwili na kimoja kilikuwa cha mama.

Giza lilikuwa linaingia nilipokata kona ya stendi. Nikamwona amesimama na mkoba wake, uso kwa uso na gari. Nikabonyeza swichi.

Taa ya kulia ikapanda. Ya kushoto ikapanda nusu, ikagota kwenye ukingo wa boneti, ikaanza kunguruma. Kila taa ina mota yake, kwa hiyo ya kulia haikujali shida za mwenzake. Nikazima. Ya kulia ikalala. Nikawasha, ikaamka. Nikazima, nikawasha. Nilidhani nainasua ya kushoto. Kwa aliyesimama mbele, gari jeusi lilikuwa linamkonyeza kwa utulivu na nia. Mama mkwe akatazama kushoto. Akatazama nyuma. Kijana aliyekuwa karibu naye akasogea hatua mbili ili isije ikaonekana anayekonyezwa ni yeye.

Nikashuka. Nikainamisha kichwa kwa heshima zote. "Shikamoo, mama."

Kichwa kilipoinama, kipara kikamwelekea. "Mara..." akasema, na "haba" ikachelewa sana kufika.

"Mama, hii ni rangi ya mke wangu."

"Sijauliza," akasema, akitazama mkono wangu uliokuwa ukijikuna chini ya mkanda bila idhini yangu.

Kwenye gari hili, taa ikikwama unaweza kuinyanyua kwa mkono: juu ya mota kuna kifuniko cha mpira, ndani yake kitufe cha kuzungusha. Kukifikia lazima ufungue boneti. Kufungua boneti lazima awepo wa kuishikilia. Kumwomba mama mkwe aishikilie nisingeweza, basi nikarudia njia ninayoijua, nikaingiza kichwa. Sasa zikawa alama nne. Nikaanza kuzungusha kitufe, kinahitaji uvumilivu wa mtu anayechota maji kwa kijiko, mara boneti ikaniondokea utosini. Mama alikuwa amekuja pembeni, ameishika kwa mkono mmoja, mkoba kwenye mkono mwingine.

"Toa kichwa," akasema.

Taa ikapanda, ikikwangua vanishi mpya kwa sauti ambayo bado naisikia. Tukarudi nyumbani kimya. Nilijaribu kumweleza kwamba gari hili betri yake iko kwenye buti. Hakuonesha kuvutiwa.

Mke wangu alitupokea mlangoni. Aliitambua rangi yake kabla hajanitambua mimi. Shemeji alikuwa ameoga, anakunywa chai, hana hata upele mmoja. Na boneti ya zamani ilikuwa imelala palepale tulipoiacha, katikati ya njia.

"Subiri, mama, hiyo ni nzito, ngoja nimwite—"

Alikwisha kuinyanyua kwa mkono mmoja na kuiegemeza ukutani. Kisha akasimama, akiitazama. "Hii ndiyo nzito?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile niliyokushikia stendi?"

"Ile ndiyo nyepesi."

Akanyamaza kidogo, mkono wake ukipanda na kushuka hewani kama mizani. "Hapana," akasema, akaingia ndani.

Asubuhi tuliitoa tena, tukaleta mizani ya bafuni. Ya zamani, kilo 8. Mpya, kilo 8 na nusu, bila pini. Boneti ya kiwandani ya gari hili ni ya alumini. Wahandisi waliogopa uzito kabla yangu, na wao walipima. Shemeji alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa najikuna tu.

Mwanangu akaja na sumaku yake. Akaijaribu kwenye boneti ya zamani, ikaanguka. Kwenye mpya, ikaanguka. Akasogea, akaiweka kwenye madigadi, ikanasa, pwa.

"Baba! Hapa kuna chuma!"

Nikaitazama ile madigadi. Nikatazama ya upande wa pili.

"Usithubutu," mke wangu akasema kutoka dirishani.