Mtu wa Kilo Tatu na Chumba cha Kumi kwa Kumi

Hivi nani aliwadanganya watu kwamba mtoto mchanga hahitaji vitu vingi? Huyo mtu aje hapa Pasua, Moshi, anionyeshe. Huyu wetu hata hajazaliwa, mama yake ndiyo kwanza anaingia mwezi wa tisa, lakini tayari ana mali kunizidi mimi ninayeamka alfajiri kila siku ya Mungu. Ana mabeseni, ana mashuka, ana doti za kanga ambazo bibi yake mwenyewe hana. Hayo yote nimevumilia. Kilichonitoa jasho ni kitanda.

Na si kitanda tu cha mtoto, ni kile cha pembeni. Kina kuta tatu, upande wa nne uko wazi, unakisogeza mpaka kinabana ubavuni mwa kitanda cha wakubwa, unakifunga kwa mikanda. Mama akigeuka usiku, mtoto huyo hapo usawa wa ziwa, ila hayuko chini ya kiwiko cha baba. Mke wangu alikiona kwenye simu. Vitu vyote vinavyonifilisi siku hizi vinaonekana kwenye simu, na chini ya picha wameandika "bei njoo inboksi". Mimi nauza spea za pikipiki karibu na stendi; mteja akiuliza bei ya cheni namtajia palepale, mbele za watu. Bei inayotaka kutajwa faraghani ujue yenyewe inajionea aibu.

Chanzo cha yote ni kliniki. Siku hizi ukimsindikiza mkeo mnahudumiwa mapema, basi nikaenda nikijua nitawahi kurudi kufungua duka. Kumbe kuna somo. Nesi akatupanga kwenye benchi akaanza: mtoto alale chumba kimoja na wazazi, angalau miezi sita ya mwanzo, lakini mahali pake mwenyewe. Alale chali, usiku na mchana. Godoro liwe gumu, bapa, shuka limevutwa likakaza, basi. Mto hapana. Blanketi zito hapana. Mdoli hapana. Kisha akasema, "Na baba aliyekunywa pombe asilale kitanda kimoja na mtoto." Benchi zima likanigeukia mimi. Kulikuwa na wanaume wengine pale, mmoja macho yake mekundu kabisa na anasinzia, lakini wakanitazama mimi.

Tukarudi nyumbani na somo letu. Sasa njoo kwenye hesabu. Chumba chetu cha kulala ni futi kumi kwa kumi, hivi vyumba vya kupanga mnavyovijua. Kitanda ni tano kwa sita. Kabati linakula futi mbili, na milango yake inafungukia nje. Ongeza kitanda cha mtoto, futi mbili nyingine. Inabaki futi moja ya kupita, na mke wangu kwa hali aliyonayo sasa hivi hapiti kwenye futi moja hata kwa ubavu. Nikachora ramani kwenye karatasi ya risiti, nikampelekea. Akaitazama muda, akauliza, "Na wewe umelala wapi hapa?" Nikaitazama tena. Kweli bwana, kabati lipo, ndoo ya maji ipo, mimi simo.

Halafu kuna chandarua, na hapa ndugu zangu naomba mnisikilize, maana hili dukani hawakuambii. Chandarua chetu tulipewa bure kliniki, kizuri, kina dawa, kinatosha kitanda cha tano kwa sita. Ukishafunga kitanda cha mtoto pembeni, upana si futi tano tena, ni saba. Ukikivuta kimfikie mtoto, upande wangu kinapanda, mgongo uko nje. Ukikikaza ili kitoshe wote, wavu unamgusa mtoto shavuni, na mbu hana haja ya kuingia ndani, anamuuma akiwa amesimama nje. Ninyi wa Arusha kwenye baridi yenu mnaweza kucheka. Sisi huku Pasua mbu wetu wanazaliwa kule chini kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini, jioni wanapanda wakiwa wameshajigawia nyumba. Kwa hiyo bei ya kitanda cha pembeni ni kitanda pamoja na chandarua kipana zaidi pamoja na misumari ya kukitundikia, na hiyo misumari mwenye nyumba amekataza ukutani.

Nikaenda mjini, duka moja la vitu vya watoto, jina nalihifadhi. Kitanda chenyewe kizuri, sisemi uongo. Kuta za wavu ili hewa ipite, zipu upande mmoja, magurudumu, miguu inapandishwa na kushushwa kwa kubonyeza, kila ngazi inatoa mlio: ka! Bei laki nne na themanini elfu. Nikamuuliza dada wa dukani kinatumia petroli au dizeli. Hakucheka.

Sasa vitanda hivi vina sharti moja kubwa. Godoro la mtoto na godoro la wakubwa lazima yalingane, na katikati pasiwe na mwanya. Mwanya ndio mtego wenyewe: mtoto anateremkia pale, uso unabanwa, na mtu wa wiki mbili hana nguvu ya kujinasua. Mimi nilikuwa nimepima kwetu kwa tepu kabla ya kutoka, kuanzia sakafuni hadi juu ya godoro letu la inchi kumi. Sentimita themanini kasoro kidogo. Yule dada akapandisha miguu: ka! ka! ka! Ikafika mwisho. Bado mtoto angelala kule bondeni, sisi tuko Kibosho, juu mlimani. Dada akafikiri kidogo, akasema, "Kaka, si mkate tu miguu ya kitanda chenu?"

Nikate miguu ya kile kitanda! Kile kitanda alikitoa mama mkwe siku ya sendofu, ukumbini, watu wamejaa, na mshereheshaji akatangaza mara mbili kwamba ni mninga mtupu, hakuna hata kipande cha plaiwudi. Wakapita nacho mezani wakicheza nacho, wajomba sita, mmoja akateguka bega. Nikichukua msumeno kukata miguu yake, nimekata na ndoa. Nikamshukuru dada, nikatoka.

Mbuyuni kuna jamaa anauza vitu vya majuu. Akanionyesha kitanda cha mtoto cha upande mmoja unaoshuka na kupanda, eti nikiushusha tu kinageuka cha pembeni. Hivyo vya upande wa kushuka Marekani walivipiga marufuku kuuzwa mwaka 2011, baada ya ule upande kuchomoka na watoto kunasa humo hadi kufa. Jamaa anasema, "Hii orijino, bosi, imetoka ulaya." Nikakagua: boliti mbili hazipo. Boliti ndiyo riziki yangu, ningeweza kumtafutia za saizi ileile kabla hajamaliza sentensi, lakini kitanda cha mtoto si cha kubahatisha na boliti za pikipiki. Nikaacha.

Watu wanatusingizia sisi Wapare ubahili. Hatuna ubahili, tuna utafiti. Usiku ule nikiwa kwenye simu nikasoma habari za Ufini. Tangu mwaka 1938 serikali ya kule inawapa wajawazito boksi. Ndani mna nguo za mtoto, chini kuna kigodoro, na ukishatoa nguo, lile boksi lenyewe ndilo kitanda cha kwanza cha mtoto. Mwanzoni lilikuwa la wenye kipato cha chini. Mwaka 1949 likawa la kila mama, ilimradi awe amehudhuria kliniki mapema. Kuta za kadibodi, chini bapa, hakuna mto, hakuna takataka. Kila alichosema nesi kimo. Nchi tajiri ile, kuna theluji mpaka magotini, watoto wamelala kwenye boksi na wamekua wakawa wahandisi! Na mimi dukani mizigo inakuja kwenye maboksi magumu ambayo hata fundi wa viatu anayamezea mate.

Nikaona hili lisiishie kwangu, nimpigie mama mkwe Marangu aniunge mkono. Nikamweleza vizuri, kwa mpangilio, Ufini, mwaka 1938, kadibodi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kimya. Nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Baba, mjukuu wangu ni spea?"

Boksi likafa hapo. Tukabaki na fundi.

Fundi wangu yuko Njoro, kijana mzuri, tatizo lake ni Ijumaa. Kila kazi ni Ijumaa, na hasemi ipi. Kwa faida yake nilimwachia vipimo kwenye karatasi: urefu wa miguu ulingane na kitanda chetu, mbao zipigwe msasa mpaka kiganja kisihisi kitu, vanishi ipakwe mapema ili harufu iishe kabla mtoto hajaja, na fito za pembeni ziachane sentimita sita, zisizidi. Zikiachana sana kiwiliwili kinapita, kichwa kinabaki. Nikajua sentimita atazisahau, nikamwachia na kopo la soda, lile nene la kawaida. Nikamwambia, "Fundi, hili likipita kati ya fito, umekosea."

Nilivyorudi nikakuta fito zimebanana hazipitishi hata vidole viwili. Nikamuuliza kulikoni. Akanionyesha kipimo. Soda alikunywa siku ileile, kopo akalibonyeza kwa kiganja kama wafanyavyo wanaume wakimaliza soda, kesho yake akapimia lile bapa. Tena kwa uaminifu mkubwa, kila ufito. Nikamwambia basi, ziwe hivyohivyo, angalau kiwiliwili hakipiti. Akasema fito zimekuwa nyingi kuliko tulivyopatana, kwa hiyo niongeze elfu ishirini.

Kikaja juu ya guta, mchana kweupe, mtaa mzima unaona. Mama mwenye nyumba akatoka mlangoni akakizunguka, akakisifu, akasema, "Hongereni. Sasa maji tutahesabu vichwa vitatu kuanzia mwezi huu." Nikamwambia mama, mtoto hajazaliwa. Akasema anajua, lakini nguo zake si zinafuliwa? Kweli zinafuliwa. Zimefuliwa mara nyingi kuliko zangu.

Na mama mkwe naye ameshashuka kutoka Marangu kuja kumlea mzazi, kabla mzazi hajazaa, ili awahi. Nimempokea vizuri, shikamoo, mizigo, maji ya kunawa. Akakikagua kitanda cha mjukuu. Akabonyeza godoro, akaniangalia. "Hili ni ubao. Mtoto amefanya kosa gani?" Nikamweleza nesi alivyosema. Na kulala chali je, si atapaliwa na maziwa? Nikamweleza na hilo, maana nililiuliza mwenyewe kliniki: mtoto akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, maziwa yakirudi hayapandi kuingia kwenye pumzi, yanateremka. Akiwa kifudifudi ndiyo mambo yanageuka. Mama akanisikiliza kwa heshima zote. Kisha akauliza mimi nimelea wangapi. Yeye saba.

Kwa sasa mpangilio ni huu. Mke wangu na mama yake wamelala kwenye mninga, na mimi niko sebuleni kwenye kochi la watu wawili. Miguu yangu imelala kwenye stuli. Asubuhi nabisha hodi chumbani kwangu kuomba shati. Leo nimebisha, nikakaribishwa, nikaingia kwa ubavu ile futi moja, nikatazama kitanda cha pembeni. Kimeshapata mtu. Ni mkungu wa ndizi mshare, ule wa mtori wa mzazi, umeteremshwa na Hiace kutoka Marangu. Mama hakutaka uwekwe sakafuni kwenye unyevu.

Nikamwambia, "Mama, hiki ni cha mtoto." Akasema anajua, na tena ameshatoa mto na kablanketi nilivyomfundisha, mkungu umelazwa chali. Nisiuguse, utachubuka.