Mimba ya mwanafunzi: binti anatimuliwa, mwanaume anafichwa

Binti akipata mimba shuleni, mtaa humhukumu siku hiyohiyo: kajiharibia. Katika baadhi ya makanisa hutengwa hadi atubu mbele ya usharika, huku aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya kwa sababu mwilini mwake hakuna kinachoonekana. Huo ni unafiki, na una taratibu zake.

Tanzania Bara, kumtimua binti kulihitaji kipimo cha mkojo na barua. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu kufukuza mwanafunzi kwa kosa la kimaadili, na mimba ikahesabiwa humo hata ilipotokana na ubakaji.

Kumtia mwanaume hatiani ni safari nyingine. Tangu 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Pia binti wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wa mwanaume huyo, hata akisema aliridhia, sheria inasema amebakwa. Ila yote lazima yathibitishwe: PF3, yaani fomu ya polisi inayojazwa na daktari, rejesta ya shule kuonyesha ni mwanafunzi, mzazi au cheti cha kuzaliwa kuthibitisha umri. Mtuhumiwa akikana, husubiriwa mtoto azaliwe, kisha sampuli za mama, mtoto na mtuhumiwa ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa vinasaba (DNA).

Katika miezi hiyo ya kusubiri ndipo kesi nyingi hufia. Familia mbili hukaa kikao, "tuyamalize kifamilia", ng'ombe au fedha zinakabidhiwa kwa baba, na binti anapelekwa kwa shangazi mkoa wa mbali. Siku ya kesi shahidi mkuu haonekani, au anafika na kusema mshtakiwa hamjui. Watu haohao waliomwita malaya ndio waliopokea bei yake.

Mwaka 2021 serikali ilifungua mlango wa kurudi shule baada ya kujifungua. Nauunga mkono kwa moyo wote, lakini maziwa na nauli ya kliniki bado vinambana bibi wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kumdai baba matunzo mahakamani, na ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo pa kuanzia. Dai la matunzo halifuti kesi ya jinai, asikudanganye mtu.

Na mwenyekiti wa mtaa anayegonga muhuri kwenye karatasi ya "makubaliano" ahojiwe polisi, kwa kuwa anasaidia kuzika kosa la jinai.