Vijana wa kona kwa Mangi: tuwafukuze waende wapi?

Kikao cha mtaa wetu huku Mbagala Jumapili iliyopita kilikuwa na ajenda tatu: taka, taa za barabarani na mengineyo. Mengineyo ndiyo yaliyokula saa nzima. Mama mmoja alisimama akasema binti yake wa kidato cha pili hataki tena kutumwa unga jioni. Akitumwa, anazungukia mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya duka la Mangi wa kona. Pale kuna benchi, na kwenye benchi kuna vijana kumi, siku nyingine kumi na tano, wa miaka 14 mpaka 19. Wanapigia wasichana miluzi, wanatukanana matusi ya nguoni, na moshi unaotoka ubavuni mwa duka si wa sigara tu.

Asiyeishi uswahilini anaweza kudhani haya ni manung'uniko ya wazee wasiopenda kelele. Sivyo. Dar ina kumbukumbu. Januari 2015 watu walifunga maduka na kukimbilia ndani waliposikia tu kwamba Panya Road, magenge ya vijana waporaji, wanakuja, na mwaka 2022 jina hilo likarudi mitaani, na mapanga yake. Mzazi aliyepitia hayo akiona kundi la vijana gizani, hamwoni tena mtoto wa jirani. Na yule binti ameshanyang'anywa njia yake ya dukani; haihitajiki panga ndipo tukiri kwamba ameonewa.

Lakini pendekezo lililopigiwa makofi, la kuita polisi wafanye msako, mimi nina shaka nalo. Watakamatwa kwa kosa gani, kukaa kwenye benchi? Uzururaji? Mahakama ya Afrika pale Arusha, katika maoni yake ya ushauri ya Desemba 4, 2020, ilisema sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Aliyemtukana binti ana uso na ana jina, ashikwe yeye kwa alichofanya. Tena msako tumeshauona. Vijana hutawanyika siku mbili tatu, halafu wanahamia kwenye pagala lisilo na taa. Pale kwa Mangi angalau tunawaona.

Wenzetu wa Uingereza walijaribu ujanja mwingine. Mwaka 2005 kule Wales kilibuniwa kifaa kiitwacho Mosquito, kinachotoa mlio mwembamba unaowakera vijana huku watu wazima wengi hawausikii, kikafungwa nje ya maduka. Tatizo ni kwamba mlio hauchagui: kichanga aliyebebwa na mama aliyefuata maziwa naye ni wa umri wa kuusikia.

Hawa wa kwetu ni akina nani hasa? Watatu nawajua. Walimaliza kidato cha nne Novemba. Matokeo hutoka Januari, na mwenye bahati huripoti kidato cha tano Julai. Miezi minane hiyo, nyumbani ni vyumba viwili na watu saba, na uwanja waliochezea mpira utotoni umejengwa fremu za biashara. Ng'ambo ya barabara wazee wanacheza bao na kubishana Simba na Yanga mpaka saa nne usiku, kwa sauti kuliko ya vijana. Kikaoni hakuna aliyewataja. (Nami huwa nipo, nakiri.)

Aliyenishangaza zaidi ni Mangi mwenyewe, aliyeketi mbele akipewa pole kama mhanga. Ana machungu ya kweli: wateja wanamkimbia, na anaogopa kwamba akiwatimua watamvunjia duka usiku. Sawa. Ila benchi ni lake. Wanaochajisha simu kwake wanamlipa yeye. Sigara za moja moja anawauzia yeye, bila kumuuliza mtu umri. Na pale mlangoni kuna mashine ya kamari inayomeza sarafu za mia mbili mbili mchana kutwa, wakati michezo ya kubahatisha hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kijana anayekesha pale hakuja kwa Mangi kwa sababu ya upepo.

Kijana mmoja wa bodaboda alilisema hilo la mashine, ukumbi ukacheka kidogo. Mwenyekiti akajibu kwamba litajadiliwa kikao kijacho. Kwa sasa iandikwe barua kwa polisi kata.

Jana jioni nilipita kununua vocha. Benchi limeondolewa. Vijana wapo wamesimama, na mashine inawaka taa zake.