Mwanangu hana jini

Ahsante kwa makala haya ya usonji (autism), ila pale mlipouita "ugonjwa", neno hilo mngeliondoa. Mwanangu mwenye usonji ana miaka tisa. Hapa Mji wa Kale, Mombasa, nimeshaambiwa ana jini, apungwe. Mara hana adabu, eti hamtazami mtu mzima usoni anapomwamkia. Kumtazama mtu machoni kunamchosha, si kiburi. Kwenye feri ya Likoni honi ikilia huziba masikio na kupiga mayowe, na watu wananigeukia mimi: "Mama, mtie adabu!" Sauti ile inamuumiza kweli, jamani. Na wanaolaumu chanjo: ule utafiti wa daktari Wakefield wa 1998, uliohusisha chanjo na usonji, ulifutwa na jarida lenyewe lililouchapisha, Lancet, mwaka 2010. Tafadhalini, msimwite bubu mbele yake. Haongei sana, lakini anawasikia.