Mtoto mpaka uwe na hela?

Kuna habari nimeisoma inasema mtu mmoja kati ya sita duniani anakutana na shida ya kupata mtoto, WHO (Shirika la Afya Duniani) walitoa hiyo namba 2023, na nchi tajiri na maskini wala hazipishani sana. Sasa mbona matibabu yako kwa wenye hela? Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF (yai na mbegu vinakutanishwa maabara), kazaliwa kule Uingereza 1978, miaka yote hii bado sehemu nyingi watu wanatoa mfukoni, na mzunguko wa matibabu ukigoma unaanza upya, sindano kila jioni, dawa kwenye friji, ukitoka kazini unakimbia nyumbani usipitilize saa. Bosi atakuelewa? Israel serikali inalipia mpaka watoto wawili, Ufaransa nako mwanamke asiye na mwanaume alikuwa anafungiwa mlango mpaka 2021, sayansi ileile jamani.

Halafu wanaume wenzangu (najua mtanirukia hapa), karibu nusu ya kesi upande wetu unahusika lakini anayesukumwa kupimwa kwanza ni mke. Mimi nimekaa miaka mitatu nasema niko fiti, mke wangu kapimwa mpaka mirija ya uzazi, mama anamtazama kwa lile jicho, siku nilivyokubali kwenda na kile kikopo majibu yakatoka mbegu chache. Nesi hata hakushangaa, akanipa karatasi akaita mwingine. Mama sijamwambia mpaka leo.