Kumtetea mtoto aliye tumboni bila kusema uongo

Tarehe 13 Septemba 1984, Mario Cuomo, wakati huo gavana wa New York na Mkatoliki asiyeificha imani yake, alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Notre Dame ambayo wanasiasa wengi wa Marekani wameikopa tangu siku hiyo, ingawa ni wachache walioikopa pamoja na bidii yake ya kufikiri. Alieleza kwamba yeye na mkewe waliyakubali mafundisho ya Kanisa lao kuhusu utoaji mimba, ila hakuona kwamba imani hiyo ilimlazimu kuigeuza iwe sheria ya kuwafunga raia wasioamini kama yeye. Waliomfuata waliifupisha hoja hiyo mpaka ikabaki sentensi moja inayotamkika kirahisi jukwaani: mimi binafsi napinga utoaji mimba, lakini siwezi kumwamulia mtu mwingine.

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi, na kila ninapoisikia natamani mwandishi wa habari aliye karibu aulize swali moja tu: unapinga kwa sababu gani? Ikiwa kilichomo tumboni si binadamu, basi hakuna jambo la kupingwa, si kwa nafsi yako wala kwa nafsi ya mwingine, maana ni tiba kama tiba nyingine. Na ikiwa ni binadamu, neno "binafsi" halina kazi hapo, kwa sababu kulinda uhai wa mtu asiyeweza kujitetea ndiyo kazi ya kwanza ya serikali yoyote. Cuomo mwenyewe alilijua hilo katika jambo jingine. Wakazi wengi wa New York walitaka adhabu ya kifo irudishwe, na bunge la jimbo likapitisha muswada wa kuirudisha mwaka baada ya mwaka. Naye, mwaka baada ya mwaka, aliukataa kwa kura yake ya turufu kwa kuwa dhamiri yake ilimwambia kwamba serikali haipaswi kuua. Hapo hakusema kwamba anapinga binafsi lakini hawezi kuwaamulia wananchi. Aliwaamulia, na mimi namheshimu kwa hilo. Ninachouliza ni kwa nini ujasiri ule uliomtosha kumtetea muuaji aliyehukumiwa haukumtosha kumtetea mtoto ambaye hajazaliwa.

Mwanasiasa anayesema waziwazi kwamba kijusi hakina haki yoyote mbele ya sheria mpaka kizaliwe amekosea sana, kwa imani yangu, lakini ameniambia anachoamini na ninaweza kubishana naye.

Hata hivyo, makala hii ingekuwa nyepesi mno kama ingeishia kwa wapinzani wetu. Sisi tunaoshikilia kwamba Mungu ndiye anayemuunga mtoto tumboni mwa mama yake, kama Zaburi ya 139 inavyosema, tuna hesabu yetu ya kutoa kuhusu ukweli, na hesabu hiyo si ndogo. Amri inayokataza kuua na amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo zimeandikwa katika orodha moja, na Ayubu aliwauliza rafiki zake kwa ukali kama walidhani Mungu anahitaji watu wa kumsemea udanganyifu.

Tuanze na historia, kwa maana ndiyo tunayoisimulia vibaya zaidi. Waumini wengi wa Kiinjili wameaminishwa kwamba tarehe 22 Januari 1973, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu ya Roe v. Wade, iliyofanya utoaji mimba kuwa haki ya kikatiba nchi nzima, makanisa yote yaliinuka kwa sauti moja. Wakatoliki waliinuka, na walikuwa wamesimama hapo tangu zamani. Lakini Wabaptisti wa Kusini, madhehebu makubwa ya Kiinjili nchini humo, miaka miwili kabla ya hukumu hiyo, walikuwa wamepitisha azimio katika mkutano wao wa St. Louis la kuwahimiza waumini waunge mkono sheria zitakazoruhusu utoaji mimba, si kwa ubakaji na zinaa ya maharimu tu, bali pia kwa ulemavu mkubwa wa kijusi na kwa madhara ya kihisia, kiakili au kimwili kwa mama. Mwaka 2003 madhehebu hayo yalipitisha azimio jingine la kuyajutia yale ya nyuma, jambo ambalo naliona ni la kiungwana kuliko kimya cha wengine wengi.

Hadithi ya vyama nayo haikunyooka kama inavyohubiriwa. Hukumu ya Roe ilipita kwa majaji 7 dhidi ya 2. Kati ya wale 7, watano waliteuliwa na marais wa chama cha Republican, na mmoja wa wale 2 walioipinga, Byron White, aliteuliwa na John F. Kennedy wa chama cha Democratic. Ronald Reagan, ambaye picha yake bado inaheshimiwa na wengi wetu, ndiye aliyetia saini mwaka 1967 sheria iliyolegeza utoaji mimba katika jimbo la California alipokuwa gavana, uamuzi alioujutia baadaye. Mwaka 1992, katika kesi ya Planned Parenthood v. Casey, kiini cha Roe kiliokolewa na majaji watatu walioandika pamoja, wote wakiwa wameteuliwa na Reagan au George H. W. Bush. Katika miaka hiyo yote waumini waliambiwa kwamba wakipiga kura mara moja zaidi kila kitu kitabadilika, na wachache waliuliza ahadi zilizopita zimefikia wapi.

Donald Trump, ambaye mwaka 1999 alijitambulisha katika televisheni kuwa mtetezi hasa wa haki ya kutoa mimba, aliahidi mwaka 2016 kuteua majaji wa kuiondoa Roe, na ahadi hiyo ilitimia: tarehe 24 Juni 2022, katika hukumu ya Dobbs iliyoandikwa na Jaji Samuel Alito, Roe ilifutwa. Anastahili kupewa haki yake. Lakini mwaka 2024 alitangaza kwamba suala hilo sasa ni la majimbo, na ilani ya chama chake ikaacha kudai marufuku ya nchi nzima. Viongozi wa dini ambao kwa miaka mingi walikuwa wamehubiri kwamba hayo ni mauaji walikubali haraka kwamba mpaka wa jimbo ndio uamue. Naelewa hoja ya kisheria ya Alito, kwamba majaji hawakupaswa kuwanyang'anya wawakilishi wa wananchi uamuzi huo. Hoja hiyo inamhusu jaji. Mgombea anayetafuta kutunga sheria, akisema kwamba yeye anaamini mtoto ana haki ya kuishi ila Ohio au Kansas waamue wenyewe, amefika alipokuwa Cuomo kwa kupitia mlango wa nyuma, na tofauti ni kwamba safari hii sisi ndio tunaompigia makofi.

Kisha kuna uongo wa kisayansi. Mwaka 2012 Todd Akin, aliyegombea useneta katika jimbo la Missouri, alidai kwamba mwili wa mwanamke aliyebakwa kweli una njia ya kuzuia mimba. Haukuwa na njia hiyo, na yeye akashindwa katika uchaguzi. Vivyo hivyo, bado kuna vipeperushi vinavyosema kwamba kutoa mimba husababisha saratani ya matiti, ilhali wataalamu walioitwa na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani mwaka 2003 waliuchunguza ushahidi na kukataa uhusiano huo. Upande wa pili nao una yake: mwaka 1997 Ron Fitzsimmons, kiongozi wa muungano wa watoa huduma za utoaji mimba, alikiri kwamba alikuwa amedanganya aliposema njia fulani ya kutoa mimba zilizokua hutumika kwa nadra tu. Lakini uongo wao haututolei kibali.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la mama aliye hatarini. Baada ya Dobbs, madaktari wa Texas, ambako utoaji mimba ulikatazwa isipokuwa mama akiwa hatarini, walilalamika kwamba hawajui ni wakati gani sheria inawaruhusu kuingilia kati, na baadhi yetu tulijibu kwamba hiyo ni propaganda. Mwaka 2025 bunge la Texas lilipitisha sheria ya kufafanua vipengele hivyo, na mwandishi wake alikuwa Seneta Bryan Hughes, yule yule aliyeandika sheria kali ya mwaka 2021 dhidi ya utoaji mimba. Kama hofu ya madaktari ingekuwa ya kubuni tu, ufafanuzi ungekuwa wa nini? Maadili ya Kikristo hayajawahi kudai kwamba daktari amwache mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi avuje damu mpaka afe, na mtunga sheria asiyeweza kuandika jambo hilo kwa lugha ambayo daktari wa zamu ya usiku ataielewa hajamaliza kazi yake.

Lipo pia suala la vidonge, ambalo kwa sasa wagombea wengi wa chama cha Republican hulikwepa. Taasisi ya Guttmacher, inayounga mkono utoaji mimba lakini ambayo takwimu zake hutumiwa na pande zote, ilikadiria kwamba mwaka 2023, mwaka mzima wa kwanza baada ya Dobbs, mimba zaidi ya 1,000,000 zilitolewa nchini humo, zikiwa nyingi kuliko mwaka 2020, na zaidi ya nusu zilitolewa kwa vidonge. Juni 2024 Mahakama ya Juu iliitupa kesi iliyolenga kubana upatikanaji wa mifepristone, dawa ya kutoa mimba, kwa sababu walioshtaki hawakuwa na haki ya kushtaki, na hivyo uamuzi ukabaki mikononi mwa wanasiasa. Anayesimama mbele ya waumini na kujisifu kwamba vita vimekwisha anazijua takwimu hizo. Aulizwe basi, papo hapo na kabla ya sadaka kupitishwa, atafanya nini kuhusu vidonge, na asiruhusiwe kujibu kwa Zaburi.