Talaka mikononi mwa hakimu Mkatoliki

Waumini wa parokia nyingi za Tabora wanaijua hali hii. Jumanne hakimu amesoma hukumu ya talaka kwa ndoa iliyofungwa kanisani, Jumapili yuko kwenye mstari wa komunyo. Minong'ono huanzia benchi la nyuma, ikifika kwenye jumuiya imeshakuwa mashtaka kamili: Mkatoliki huyu amevunja ndoa ya Kanisa. Nje ya kanisa kuna lawama ya pili, hasa kutoka kwa mawakili: Mkatoliki akikalia kiti, mashauri ya ndoa hayaendi, basi dini yake aiache getini. Zote mbili zina chembe ya kweli. Ila ile ya kwanza ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa na kwa ujuzi mdogo.

Wanaomlaumu hawajakurupuka. Maneno ya Injili hayana kona: aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe. Kanuni ya 1141 ya Sheria za Kanisa inasema ndoa halali ya wabatizwa, ikishakamilishwa, haiwezi kuvunjwa na mamlaka yoyote ya kibinadamu wala kwa sababu yoyote isipokuwa kifo. Tena wanaye Mtakatifu Thomas More, Chansela wa Uingereza aliyekatwa kichwa mwaka 1535 katika mgogoro uliotokana na ndoa ya Mfalme Henry VIII. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Kama chansela alikubali kufa, wanauliza, hakimu wa Urambo anashindwaje kukataa jalada?

Lakini isome tena hiyo kanuni ya 1141. Kama hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuvunja ndoa hiyo, basi hakimu wa Urambo naye hakuivunja. Amri yake inagusa mambo ya serikali: watoto wakae na nani, nani atoe matunzo, shamba na nyumba vigawanywe vipi, nani amrithi nani. Wenzi wale mbele ya Kanisa bado ni mume na mke, na hakuna muhuri wa Jamhuri unaoweza kubadili hilo. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2383 inakwenda mbele zaidi: talaka ya kiserikali ikiwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani za kisheria, malezi ya watoto au urithi, yaweza kuvumiliwa na si kosa la kimaadili.

Hiyo ni kwa mwenzi anayeomba. Kuhusu hakimu mwenyewe, Papa Yohane Paulo II alizungumza na Mahakama ya Rota, mahakama ya Kanisa huko Roma inayosikiliza mashauri ya ndoa, tarehe 28 Januari 2002, na hotuba ile hunukuliwa nusu: kwamba wanasheria Wakatoliki wasishiriki talaka. Nusu ya pili inatenganisha wakili na hakimu. Wakili anajitegemea, anachagua mteja, kwa hiyo akatae kutumia taaluma yake kwa lengo la kuvunja ndoa. Hakimu hana nafasi hiyo kwa sababu sheria za nchi hazimruhusu kukataa kutoa hukumu kwa kisingizio cha dhamiri; kukiwa na sababu nzito zinazolingana na jambo lenyewe anaweza kuendelea, kwa misingi ya zamani ya Kanisa inayotofautisha mtu anayeshiriki tendo la mwingine na mtu anayeikubali nia ya huyo mwingine. Papa aliongeza sharti moja: naye atafute njia za kweli za kuisaidia ndoa isimame, hasa kwa usuluhishi wenye busara.

Sharti hilo Tanzania lina anwani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haipokei maombi ya talaka kabla mgogoro haujapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Baraza likishindwa, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo pamoja na maoni yake, na hati hiyo isiwe na zaidi ya miezi 6 siku maombi yanapofunguliwa. Sheria inawaruhusu wenye imani kuwa na mabaraza yao, mradi yametambuliwa rasmi. Hapa ndipo mambo huharibika. Kamati ya parokia isiyotambuliwa inaandika barua yenye muhuri wa paroko: “tumewashauri, wapewe muda wa kusali.” Barua nzuri, lakini haithibitishi kwamba usuluhishi umeshindikana. Shauri linasikilizwa mwaka mzima, mali inagawanywa, kisha juu kwenye rufaa kila kitu kinafutwa kwa sababu maombi yalifunguliwa kabla ya wakati. Mahakama ya Rufani imeshafanya hivyo kwa hati yenye kasoro ya namna hii.

Hakimu mwenye imani anayeisoma hati siku ya kwanza, akaona hakuna usuluhishi uliofanyika, akawarudisha wahusika barazani, ametii sheria na ametii sharti la Rota kwa kalamu ile ile. Akimwuliza mume kwa utulivu kama kweli amemtelekeza mkewe kwa miaka 3, au ni miezi minane ya kibarua na simu zimekatika, hajaleta dini mahakamani. Sheria yenyewe inamtaka aridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, hata kama wote wawili wamekuja wakisema “tumeshakubaliana”.

Tatizo liko kwa yule anayeona haya kukataa na anaogopa kuamua, kwa hiyo anapiga kalenda. Leo jalada halijaonekana, mwezi ujao mjibu maombi hakupata samansi, mwezi unaofuata “nendeni mkazungumze tena”. Mawakili wanalalamikia hili na wana haki. Chukua mke wa mkulima wa tumbaku Kaliua. Mwanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ni mume, malipo yanaingia kwa jina la mume. Mke ameotesha miche, amevuna, amepanga majani bani, kwenye banda la kukaushia. Tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani inatambua hata kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa, sembuse jasho la shambani. Maombi yakifunguliwa Februari na kuahirishwa mara 4 kwa siku 30 kila mara, tumefika Juni. Masoko yalifunguliwa Aprili au Mei, tumbaku imeshauzwa, fedha zimeshageuka pikipiki yenye jina la shemeji. Nyumba ya ndoa angalau sheria inazuia isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Fedha za tumbaku hazina kizuizi hicho mpaka mahakama itoe zuio la muda, na hakimu anayekwepa jalada hatoi zuio wala amri ya matunzo. Anadhani amejiepusha na dhambi ya talaka. Ameamua shauri kwa kunyamaza, dhidi ya mnyonge, na hakuna hukumu ya kukatia rufaa.

Na hapa mfano wa More unawageukia wanaoutumia. More alijiuzulu ukansela mwaka 1532, kabla ya kukamatwa. Hakubaki kitini akificha mafaili ya mfalme. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji aliposhindwa kutia saini sheria ya utoaji mimba Aprili 1990, alisema wazi, mawaziri wakatangaza kwamba hawezi kutawala, wakaitia saini wao, na baada ya takriban siku moja na nusu bunge likamrudisha. Dhamiri ikikataa, inakataa hadharani. Kwa hakimu wetu maana yake ni kumwandikia hakimu mfawidhi ajiondoe, jalada lipewe mwingine siku hiyo hiyo. Akifanya hivyo kwa kila shauri la ndoa, bora aombe kazi nyingine.

Upande wa Ng'ambo au Isevya, ambako ndoa nyingi ni za Kiislamu, sheria inamfunga zaidi: baraza likithibitisha kushindwa, na talaka ikatolewa kwa taratibu za Kiislamu, mahakama inalazimika kutamka kwamba ndoa imevunjika. Ukatoliki wake hauna la kuongeza pale.

Wanaonong'ona wakumbuke pia nani aliidhinisha sheria hii. Rais wa mwaka 1971 alikuwa Mwalimu Nyerere, aliyesoma Shule ya Tabora, akafundisha St. Mary's hapa hapa mjini, mtu wa misa ya kila siku. Aliridhia sheria yenye talaka na yenye ndoa za wake wengi, kwa sababu nchi ilikuwa na raia wa dini zote na wasio na dini. Mwaka 2005 Kanisa lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na saini ile haikuuzuia. Padre naye, anapofungisha ndoa, anaifungisha kwa leseni ya serikali na kujaza daftari la serikali, na hatujasikia akiulizwa anamtumikia nani.

Hoja hii ina mpaka, na mpaka huo uko Mahakama Kuu. Jaji Mkatoliki akimkuta mshtakiwa na hatia ya mauaji, adhabu ni kunyongwa na hana hiari nyingine, wakati Katekisimu, tangu marekebisho ya Papa Fransisko ya mwaka 2018, inasema adhabu ya kifo haikubaliki. Hakuna baraza la usuluhishi la kumrudisha mtu. Ni kweli tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa Tanzania, lakini hukumu zinaendelea kusomwa kila kikao. Kilichobaki kwake ni taarifa ya maandishi ambayo sheria inamtaka aipeleke kwa Rais pamoja na mwenendo wa ushahidi, yenye mapendekezo yake kama anayo. Hapo anaweza kuandika kurasa kumi.